Ushirika wa Kahawa Bukoba: Miaka 75 ya Kushikamana Bei Ikishuka na Ikipanda

Chama Kikuu cha Ushirika Kagera, ambacho kuanzia Kaagya hadi Kamachumu kila mtu hukiita KCU tu, kiliandikishwa mara ya kwanza mwaka 1950 kwa jina la Bukoba Native Co-operative Union. Tangu hapo kimebadilishwa jina, kimefutwa kwa amri, kimefufuliwa kwa sheria, kimegawanyika, kimebeba madeni na kimenusurika. Mwaka 2025 umri wake, ukihesabiwa tangu kuandikishwa huko kwa kwanza, ulifika miaka 75.

Wanaosimulia habari zake hupenda kuorodhesha masaibu: vita, maradhi, mnyauko wa mibuni, bei ya kutupa. Yote ni kweli. Lakini ukiyapanga matukio mwaka kwa mwaka unaona jambo jingine. Dhiki mara nyingi iliwasogeza wanachama karibu na mizani ya chama. Kilichowatawanya ni neema. Mara mbili katika robo ya mwisho ya karne ya ishirini bei ya kahawa duniani ilipaa, na mara zote mbili ushirika wa Bukoba ulikuwa haupo au ulikuwa umelegea. Mara ya tatu imekuja miaka hii.

Kabla ya mizani

Wahaya waliifahamu kahawa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuiuza Ulaya. Robusta ni mmea wa asili katika ukanda huu wa Ziwa Viktoria, na punje zake zilichemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa na kutafunwa. Mgeni alikaribishwa kwa punje hizo, akamwani, kiganjani. Waliotaka kuwa ndugu wa hiari walifanya omukago: tunda moja la kahawa lilipasuliwa, kila mmoja akala punje ya mwenzake iliyopakwa damu, na kuanzia hapo kumsaliti mwenzako kukawa kosa zito. Hata hivyo si kila mtu aliruhusiwa kupanda atakavyo. Mibuni ilikuwa chini ya macho ya abakama, watawala wa Kiziba, Kianja, Ihangiro na himaya nyingine za Buhaya.

Utawala wa Waingereza uliligeuza hilo. Katika miaka ya 1920 serikali ilihimiza upandaji kwa nguvu, na mibuni ikajaa katika vibanja chini ya kivuli cha migomba. Fedha ikaingia vijijini. Pamoja nayo wakaingia wafanyabiashara wa kati, wengi wao wenye asili ya Bara Hindi, waliomiliki maduka, maghala na magari. Mkulima alikuwa na kahawa, wao walikuwa na mizani, na bei ilipangwa upande wa mizani.

Mwaka 1924 vijana waliosoma, akina Klemens Kiiza na Suedi Kagasheki, waliunda Bukoba Bahaya Union. Umoja huo uliwaweka Wakristo na Waislamu meza moja, jambo lililostahili kutazamwa katika wilaya ambako misheni za Kikatoliki na za Kiprotestanti zilikuwa zikigombania kila kilima. Walidai elimu. Walipinga nyarubanja, mfumo uliompa mpangaji wa ardhi mzigo wa kumlipa bwana kwa kibanja alichokilima mwenyewe. Kiiza hakuishia kwenye madai; alijiingiza mwenyewe katika biashara ya kahawa, akiamini kwamba Mwafrika anaweza kukoboa na kuuza bila kupitia duka la mtu mwingine. Mtaji haukutosha, na washindani walikuwa na kifua kipana. Wazo lake lilibaki.

Mwaka 1937 serikali ilipotaka kuwalazimisha wakulima kufuata kanuni mpya za kutunza mibuni, chama cha wakulima wenyeji kilisimama kupinga. Ghasia zikazuka, watu wakakamatwa. Kanuni zenyewe, zikisomwa leo, nyingi zilikuwa za busara kwa afya ya mibuni. Tatizo ni kwamba aliyeulizwa kuhusu shamba hakuwa mwenye shamba.

Chama cha watu wenye mibuni

Mfano ulikuwepo nchini. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata Wachaga wakaandikisha Kilimanjaro Native Co-operative Union. Kanuni za ushirika zilitoka mbali zaidi: mwaka 1844 wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao na kukubaliana kwamba kila mwanachama atakuwa na kura moja, awe na hisa nyingi au chache, na ziada itarudishwa kwa wanachama kulingana na biashara waliyofanya na chama.

Bukoba ilichelewa miaka 17 nyuma ya Wachaga wa Moshi. Ilipofika, kanuni hiyo ya Rochdale ilitafsirika kwa urahisi sana katika kahawa. Mkulima huanika matunda juani mpaka yakauke, hiyo ndiyo kahawa ya maganda. Huipeleka kwenye ghala la chama cha msingi kijijini, karani anapima, mkulima anapata stakabadhi na malipo ya awali. Chama cha msingi hupeleka magunia kwa chama kikuu, kahawa hukobolewa, na kilo mbili za maganda hutoa takribani kilo moja ya kahawa safi. Ikiuzwa vizuri kuliko ilivyokadiriwa, ziada hurudi kijijini kama malipo ya pili.

Malipo hayo ya pili ndiyo yaliyokuwa na nguvu kuliko hotuba yoyote. Mfanyabiashara wa kati hakuwahi kurudi miezi kadhaa baadaye kumwambia mkulima kwamba kahawa yake imeuzwa kwa bei nzuri na kuna chenji. Chama kilirudi. Nyumba za bati ziliongezeka, watoto wakapelekwa shule, na mkutano mkuu ukawa mahali ambapo mkulima wa Muleba angeweza kumuuliza mwenyekiti hesabu mbele za watu.

Bahati nayo ilisaidia. Bei za dunia zilipanda mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kufika kilele mwaka 1954, wakati chama kikiwa bado kichanga na wanachama wakikumbuka vizuri maisha ya kuuza dukani. Hiyo ndiyo neema pekee ya karne ile iliyomkuta mkulima wa Bukoba ndani ya chama chake, na alikaa.

Siasa ilikuwa mlangoni. Hao hao waliopanga foleni kwenye mizani ndio waliojaa mikutano ya vyama vya siasa, TAA na baadaye TANU. Mapema katika miaka hiyo ya 1950 polisi walitumia mabomu ya machozi kuwatawanya watu huko Kamachumu, na Ali Migeyo, mfanyabiashara aliyekuwa msemaji mkali wa wakulima, akaishia jela. Kampeni ya serikali ya kung'oa migomba yenye fukusi ilikuwa imewachoma watu moyo kuliko kanuni za mwaka 1937. Ushirika haukuwa chama cha siasa, lakini uliwapa wakulima mazoezi ya kupiga kura, kusoma hesabu na kumwondoa kiongozi bila kumpiga. Uhuru ulipokuja, neno lililomaanisha "wenyeji" liliondolewa kwenye jina. Kukawa na Bukoba Co-operative Union.

Amri ya Mei 1976

Baada ya uhuru ushirika nchini ulikua haraka kuliko uwezo wa kuusimamia. Vyama viliundwa mahali ambapo hapakuwa na zao la kutosha wala karani anayejua vitabu. Tume ya rais ya mwaka 1966 iliandika wazi kuhusu wizi, uajiri wa kujuana na gharama zilizommeza mkulima. Bukoba haikuwa na kinga dhidi ya ugonjwa huo. Makato yaliongezeka, malipo ya pili yakapungua, na wanachama wakaanza kusema "chama chao" badala ya "chama chetu".

Kisha ikaja amri. Mei 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Vijiji vilitakiwa kufanya kazi ya vyama vya msingi, na mamlaka za mazao zikachukua ununuzi. Kwa kahawa ilikuwa Mamlaka ya Kahawa Tanzania. Robo karne ya ushirika Bukoba ikafungwa kwenye makabati.

Wakati haungeweza kuwa mbaya zaidi. Julai 1975 baridi kali ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazili, na mwaka 1976 na 1977 bei ya kahawa duniani ikapanda hadi viwango ambavyo kizazi kile hakikuwahi kuviona. Ilikuwa msimu wa kuvuna matunda ya kuungana, na chombo cha kuungana kilikuwa kimefutwa. Mkulima aliambiwa bei na ofisi asiyoweza kuipigia kura. Kahawa ikatafuta njia zake, na mpaka wa Uganda haukuwa mbali. Magendo yalishamiri, na aliyevuka usiku na magunia alionekana kijijini kuwa mjanja kuliko kuwa mhalifu.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuteka ardhi iliyo kaskazini mwa Mto Kagera. Watu walikimbia, ng'ombe wakaibwa, mashamba ya Missenyi yakaachwa. Vita vilipokwisha mwaka 1979, Mkoa wa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika hospitali ya Ndolage, Muleba, na miaka iliyofuata vibanja vingi vilibaki mikononi mwa bibi na wajukuu. Mibuni inataka mikono: kupogoa, kupalilia, kuchuma. Katika nyumba nyingi mikono ilikuwa imepungua.

Sheria mpya ya ushirika ilipitishwa mwaka 1982, na mwaka 1984 vyama vikuu vikarudishwa. Kagera nayo ikapata chama chake kikuu. Lakini kurudishwa kwa amri hakufuti miaka minane ya kufutwa kwa amri, na wazee wengi walirudi kwenye mizani kwa tahadhari.

Wanunuzi wenye fedha mkononi

Mwaka 1990 chama kiliandikishwa upya, ndiyo maana hadi leo jina lake rasmi lina tarakimu ndani yake: KCU (1990) Ltd. Karagwe ikajitenga na kuunda chama chake kikuu, KDCU. KCU ikabaki na Bukoba, Muleba na eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Missenyi. Wapo walioona huo ni mpasuko. Kwa hesabu ya muda mrefu, ulikuwa mgawanyo wa busara. Wakulima wa pande zile mbili waliacha kugombania gari moja, na kila upande ukajua viongozi wake ni nani.

Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Mwanza, chini ya Jaji James Mwalusanya, ilitoa hukumu iliyogusa kila kibanja. Mila ya Wahaya ilimnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Jaji alisema mila hiyo inapingana na haki zilizomo katika Katiba. Daftari la wanachama wa ushirika hufuata mwenye shamba; kwa hiyo swali la nani ni mwenye shamba lilikuwa pia swali la nani anapiga kura kwenye mkutano mkuu.

Halafu soko likafunguliwa. Kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua kahawa moja kwa moja kwa mkulima. Na kama ilivyotokea miaka 19 kabla, Brazili ilipigwa na baridi katikati ya mwaka 1994 na bei ikaruka. Wanunuzi walifika mlangoni na fedha taslimu, bila stakabadhi wala kusubiri. KCU ilikuwa na madeni ya benki na utaratibu wa kulipa kwa awamu. Mwanachama aliyepewa fedha leo kwa nini asubiri malipo ya pili ya mwakani?

Wengi hawakusubiri. Katika mikoa mingine vyama vikuu vilianguka kabisa miaka hiyo.

Ushindani ulikuwa na faida, na ingekuwa upotoshaji kuuficha upande huo: ulimlazimisha karani wa chama apime kwa haki na haraka. Lakini wanunuzi wakubwa walipunguza kasi mara bei iliposhuka, na nyuma yao wakabaki wale wa butura. Butura ni ile biashara ya kununua kahawa ingali mtini, wakati mwingine ikiwa bado maua. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada, kuna mgonjwa, kuna msiba. Mwenye fedha anakuja, anakisia mavuno, analipa sehemu ndogo ya thamani yake. Msimu ukifika, kahawa si ya aliyeilima. Serikali imeikataza mara nyingi, lakini butura hustawi mahali ambapo mkulima hana pa kukopa mwezi wa Februari, na chama kinachomlipa Agosti tu hakijamjibu.

Juu ya hayo, mwaka 1996 na 1997 mnyauko wa mibuni ulionekana Kagera. Ni ugonjwa wa kuvu unaoziba mishipa ya mti. Mbuni uliozaa miaka 40 unakauka katika miezi michache, na dawa pekee ni kuung'oa na kuuchoma. Wakati Taasisi ya Utafiti wa Kahawa ilipotoa mbegu za robusta zinazostahimili ugonjwa huo mwaka 2011, ilizipa majina ambayo mkulima hakuhitaji kuelezwa: Bukoba 1, Maruku 1, Maruku 2 na Muleba 1.

Bei yenye sakafu

Kilichoinusuru KCU kilitoka upande ambao wengi hawakuutazamia. Mwaka 1988 Waholanzi walianzisha nembo ya Max Havelaar, iliyomwahidi mnywaji kwamba mkulima amelipwa bei isiyoshuka chini ya kiwango fulani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 KCU ikaingia katika biashara hiyo ya haki, yaani Fairtrade, na baadaye ikauza kupitia kampuni kama Cafédirect ya Uingereza. Mwishoni mwa muongo huo baadhi ya vyama vya msingi vilianza kuuza kahawa ya kilimo hai.

Mwaka 2001 ukapima thamani ya uamuzi huo. Vietnam ilikuwa imejaza soko, na robusta ikaanguka chini ya senti 30 za Marekani kwa ratili. Bei ya chini iliyohakikishwa na Fairtrade ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Si kahawa yote ya KCU iliyouzwa kwa njia hiyo, ila iliyouzwa ilitosha kufanya mizani ya chama iwe na kitu ambacho mnunuzi wa barabarani hakuwa nacho.

Pamoja na bei kulikuwa na fedha za ziada, ambazo masharti yalitaka zipangiwe matumizi na wanachama wenyewe kwa kura. Vyama vya msingi vilijenga madarasa na kukarabati zahanati. Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi mkubwa kuliko yote: kutumia sehemu ya fedha hizo kununua hisa za TANICA, kiwanda cha kahawa ya papo kwa papo kilichojengwa Bukoba katika miaka ya 1960, wakati serikali ilipokuwa ikipunguza umiliki wake. KCU ikawa mwenye hisa mkubwa. Kopo la Africafé lililopo kwenye rafu ya duka la Dar es Salaam au Nairobi likawa, kwa sehemu, mali ya mkulima wa Kaagya. Wapo waliouliza kama si bora fedha zile zingegawanywa. Hoja iliyoshinda ilikuwa kwamba fedha ya kugawana huisha msimu mmoja, na kiwanda hubaki kikidai kahawa mwaka hadi mwaka.

Katika miaka ya 2000 KCU ilihesabu wakulima wapatao 60,000 katika vyama vya msingi zaidi ya 120. Wengi wao wana kibanja kisichozidi ekari chache.

Neema ya tatu

Septemba 10, 2016 tetemeko la ardhi liliitikisa Bukoba, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Miaka miwili baadaye tetemeko la aina nyingine likaja: mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yote ya wakulima ipitie kwenye ushirika. Ndani ya siku chache KCU ilirejeshewa kazi yote iliyoipoteza mwaka 1994, pamoja na mzigo ambao haikuwa imejiandaa kuubeba. Mkulima aliyezoea fedha mkononi alitakiwa kufungua akaunti ya benki na kusubiri. Malalamiko ya kucheleweshewa malipo yalijaa misimu ile, na magendo ya kwenda Uganda yakapata hoja mpya.

Marekebisho yalifuata taratibu. Tozo nyingi zilizorundikwa juu ya kila kilo zilifutwa. Mnada, ambao kwa miongo mingi ulikuwa jambo la Moshi, ukaletwa Kagera. Sasa kahawa ya maganda inauzwa kwa njia ya kidijitali huku viongozi wa vyama vya msingi na wakulima wakiiona bei inavyopanda kwenye skrini. Na bei ilipanda kweli. Septemba 2024 robusta ilivuka dola 5,000 kwa tani katika soko la London, kiwango ambacho hadi wakati huo kilikuwa hakijawahi kuonekana katika mikataba ya sasa ya soko hilo. Vijana walioacha mibuni ya babu zao wakaenda kutafuta maisha Mwanza na Dar es Salaam wameanza kuulizia miche.

Hali hii inafanana na ya mwaka 1976 na ya mwaka 1994 kwa kila kitu isipokuwa kimoja: safari hii mizani ya chama ipo, na mwanachama anaiona bei kabla ya kahawa yake kuondoka. Kazi zilizo mezani kwa bodi na vyama vya msingi zinajulikana. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji wa misitu inataka kahawa inayoingia huko ijulikane imetoka shamba lipi, kwa hiyo vibanja vinapaswa kupimwa kwa simu na kuandikwa kimoja baada ya kingine. Madaftari ya wanachama yamejaa majina ya marehemu, na warithi wao, wanawake wakiwemo, wanapaswa kuandikwa kwa majina yao. Mkopo wa Februari bado unatafutiwa jibu. Na kwenye mikutano ya vyama vya msingi, kuanzia Rubale hadi Ndolage, ajenda inayochukua muda mrefu kuliko zote ni ile ile iliyoanza na chama: bei ya mnada imekuwa kiasi gani, makato ni yapi, na kilichobaki kinalipwa lini.